Sharti la Kibaraza cha Bwana Gunga

Kenneth twamwita Gazeti, kwa sababu hununua moja na kulisomea mtaa mzima. Alasiri hiyo alifika anahema kama aliyefukuzwa na mbwa wa bandarini.

"Tumekwisha! Kamati ya Kupamba Mji yaweka ua wa chuma kuzunguka kaburi la Bwana Gunga. Ati ni turathi. Hakuna ruhusa kukaa, kula wala kuzurura hapo!"

Sote tukageuza shingo, maana kaburi lenyewe ndilo tulilokuwa tumeliegemea. Kijiwe chetu ni kibaraza cha mawe kilichoshikana na ukuta wa kaburi hilo, ndani ya kichochoro cha Mji wa Kale. Jiwe la kichwani lipo hapo hapo, nyuma ya magunia ya makaa ya Kingi, muuza kahawa. Kila mtu ajua Bwana Gunga alikuwa na maduka ya leso Biashara Street na kiti cha kaunsili enzi za Mwingereza. Zaidi ya hapo, sisi twamjua kwa ubaridi wa ukuta wake mgongoni.

Kingi akatua dele la kahawa kama mtu aliyefiwa.

"Babangu kauza hapa. Mimi nauza hapa. Sasa nihamie wapi, Tononoka?"

"Usitie shaka," akasema Mutunga. Huyu ni Winchi: huendesha winchi bandarini Kilindini, na jambo likiwa dogo lazima alinyanyue. "Naja na winchi, nabeba kaburi, kibaraza na Maalim juu yake, nawatua uwanja wa Tononoka. Kahawa haimwagiki hata tone."

"Mimi... niache... chini," akasema Maalim Shekuwe, tunayemwita Polepole. Sentensi yake huanza alasiri ikaisha magharibi.

"Lakini mbona leo?" akauliza Gazeti. "Mtu kafa zamani, hakuna aliyempaka hata chokaa. Leo ndiyo wamemkumbuka?"

"Kura zakaribia, yakhe. Hata wafu wahesabiwa!" akajibu Winchi.

Tungali twacheka, akatokea kijana na utepe wa kupimia mkononi.

"Salaam aleikum, wazee. Naitwa Dancan, nimetumwa na Kamati."

"Aleikumu salaam. Karibu kahawa. Kupima, usipime," akajibu Kingi.

"Nitakunywa, lakini kwanza niondoleeni haya magunia. Nataka kunakili maandishi ya jiwe."

Magunia hayo hayakuwahi kutoka tangu enzi za babake Kingi. Jiwe lilikuwa jeusi kuliko sufuria ya harusi. Kingi akalimwagia maji moto, akalisugua kwa makumbi, na nakshi zikaanza kujitokeza.

"Kumbe si maua!" Gazeti akapiga kelele. "Ni herufi!"

Herufi za Kiarabu, maneno ya Kiswahili. Sote tukamtazama Maalim.

"Miwani yangu... ilivunjika... mwezi wa Rajabu."

Dancan akavua yake akamvisha. Maalim akaweka kidole juu ya jiwe.

"'Hapa amelala... Gunga bin Mshamu... Kibaraza hiki amekiweka... wakfu...'"

"Rudia!" Kingi akaruka.

"'...wakfu kwa kila apitaye na aliyechoka. Aketi, anywe, azungumze, wala asiondoshwe na mkubwa wala mdogo.'"

Lo! Winchi alimnyanyua Kingi pamoja na dele lake. Gazeti akalichana gazeti. "Wakfu haiguswi! Hata na serikali!" Dancan akajikuna kisogo, akakunja utepe wake, akaomba kikombe.

"Ngojani," akasema Maalim, kidole kingali jiweni. "Sijamaliza."

"Wewe wamaliza lini?"

"'Ila kwa sharti... asisengenywe mtu hapa. Atakaye kusengenya... anyanyuke, aende ng'ambo.'"

Makaa yalisikika yakipasuka jikoni.

"Astaghfirullah," akanong'ona Kingi. "Hata babangu kasengenya hapa!"

Tukajaribu, wallahi tulijaribu. Winchi akasema leo kuna joto. Gazeti akasema ni kweli, joto lipo. Maalim akaanza kueleza asili ya joto, tukaona sasa twafa.

Dancan akapiga funda. "Si kusengenya, wazee, lakini huyu mkubwa wangu aliyenituma..."

"SIMAMA!"

Kijiwe kizima, ila Kingi na jiko lake, kikanyanyuka, vikombe mkononi, kikavuka kichochoro na kijana katikati, mpaka ng'ambo, kwenye mlango wa ghorofa ya mbele.

"Haya, mwanangu, tema."

"Hana haja na kaburi. Ana mke wa pili ghorofani, na wa kwanza hana habari. Kila akija awakuta nyinyi mmejipanga kama mashahidi wa kesi."

"Ghorofa ipi?"

Dancan akainua kidole juu. Ndiyo hiyo tuliyoiegemea mlango.

Kingi alikuwa peke yake na marehemu. "Jamani, kahawa yapoa! Rudini tuseme mazuri ya watu!"

"Mazuri yao yaisha kikombe cha kwanza!" tukamjibu.

Akastahimili kidogo. Kisha akabeba dele akaja mbio. "Anza tena, mwanzo sikusikia."

Hapo akaingia kichochoroni bwana mmoja wa suti, boksi la halua kwapani, leso mpya mkononi. Dancan akatoweka nyuma ya mgongo wa Winchi. Bwana akatafuta njia ya kuufikia mlango, asiione.

"Karibu, mheshimiwa," akasema Kingi. "Wapanda juu?"

"Mimi? La! Nimekuja... kukagua kaburi." Jasho lamtoka. "Na nyinyi mbona mmesimama huku? Kibaraza kitupu! Nendeni mkakae!"

"Gazeti limesema hakuna ruhusa."

"Magazeti yajua nini? Kaeni pale, nimesema mimi! Hakuna ua wala nini!"

Tukarudi, tukaketi kwa adabu, midomo imefungwa kama sharti lilivyotaka. Mlango wa ng'ambo ukafunguka, ukafungwa. Macho yetu sote yakapanda dirishani.

Maalim akakohoa. "Jamani... sharti..."

"Hatusengenyi, Maalim," akasema Winchi. "Twatazama tu."