Leseni, Matanga na Mjomba Norbert

Jumatatu, 4 Machi 2013
Aibu! Bwana wa leseni amefika kutoka ofisi ya wilaya, Dowa, na barua yenye muhuri. Jumamosi polisi walinikuta na wateja saa sita usiku, na leseni yangu inasema saa nne. Onyo la mwisho. Nikikutwa tena, leseni inachukuliwa, baa inafungwa. Mwaka mzima nimeihangaikia leseni hiyo! Na bantu wa Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi, kiu yao inaanza saa nne kamili. Ng'ambo ya barabara Bigirimana anafunga baa yake saa tatu na nusu, ili aonekane mwema tu. Alikuja kunipa pole, meno yote nje.

Jumatano, 6 Machi
Nimepata! Jana kulikuwa na matanga kwa akina Ntahomvukiye. Bantu tele, nyimbo, moto, mpaka asubuhi. Polisi alipita, akavua kofia, akaenda zake. Hakuna aliyemwuliza marehemu leseni! Bon. Ijumaa nami nafiwa.

Ijumaa, 8 Machi
Nimemwambia mzee Ciza, mkuu wa mtaa, kwamba mjomba amefariki. Nilikuwa nawaza mjomba fulani wa Bukavu, mbali, asiye na jina. Ciza aliniuliza kama ni Norbert, mjomba wangu wa kweli, fundi cherehani wa Area 25 kule Lilongwe. Nikakohoa, nikafuta macho. Kufika mchana Dzaleka nzima inamlilia Norbert! Mke wangu Pascaline anajua ukweli, hasemi na mimi. Ameuliza neno moja tu: Norbert akija nitamwambia nini? Nikamjibu Norbert haji mpaka Pasaka. Simu yake imezimwa. Mungu yuko upande wangu.

Jumamosi, 9 Machi
Jana usiku uwanja wa baa ulijaa pomoni, mpaka alfajiri. Polisi alivua kofia. Lakini ole wangu! Kwenye matanga nani ananunua bia? Mwenye msiba njo anatoa! Kreti saba zimekwenda bure. Wanakwaya walikunywa Fanta zote. Kina mama wa kanisa walileta nsima, ugali wa huku, asante kwao, na hiyo nayo ikashushwa na bia yangu. Aliyelia kuliko wote ni Bigirimana. Alinikumbatia, akaniahidi kubeba jeneza. Sijui kama ananicheka au analia kweli.

Jumapili, 10 Machi
Balaa. Ciza, kwa wema wake, amepeleka jina la Norbert ofisi ya kambi ili posho yake ya chakula ikatwe. Sasa afisa wa polisi anakuja kesho kusindikiza mazishi, pamoja na yule bwana wa leseni. Ciza akaniuliza maiti iko wapi. Nikasema Lilongwe. Lilongwe wapi? Nikasema kwenye friji. Akaandika. Wakigundua, leseni kwaheri! Na Bigirimana amemwagiza seremala jeneza. Randa naisikia mpaka hapa chumbani. Sijala kitu.

Jumatatu, 11 Machi
Saa nne asubuhi mjomba Norbert ameshuka kwenye kabaza, baiskeli ya abiria, utepe wa kupimia shingoni, anauliza nani amekufa. Kina mama walikimbia, mmoja akaacha kiatu. Ciza alimwambia ni yeye. Na maafisa wawili ndio hao wanaingia! Mi nilipiga magoti, na safari hii niliomba kweli.

Norbert akatazama jeneza. Akatazama viti. Akauliza nani wote walikuja, na nani alilia. Wakamtajia. Walipofika kwa Bigirimana, aliomba walirudie jina hilo. Kisha akawageukia maafisa. Akasema alilala na malaria huko Area 25 wiki nzima, simu haina moto kwenye betri, habari zikafika zimeharibika njiani; mpwa wake Aristote, yaani mimi, alimlilia kwa moyo safi, wasimlaumu. Afisa alicheka mpaka akashika ukuta. Bwana wa leseni akasema msiba ni msiba, leseni ibaki. Ibaki! Ciza akakimbia ofisini kuirudisha posho. Nilitaka kumbusu kila mtu, hata seremala.

Baadaye Norbert alinivuta pembeni. Anajua nilidanganya. Malaria ilikuwa kweli, lakini hakuna aliyekuja kumwona. Alidhani akifa atazikwa na manispaa. Hakujua ana bantu wengi namna ile. Nikamfungulia bia. Anakaa kwetu mpaka Pasaka, kula na kunywa juu yangu.

Jumanne, 12 Machi
Nimelala fofofo. Leseni iko ukutani. Pascaline amecheka, kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa. Nimemwapia: sitasema tena mtu amekufa kama hajafa. Na sitasema. Nimeapa mbele ya batoto.

Lakini mtu akililiwa akiwa hai, si lazima Mungu ashukuriwe? Mkesha wa shukrani, Jumamosi, mpaka asubuhi. Nani atauliza maombi yanafungwa saa ngapi? Afisa wa polisi nimemwalika. Na kwenye shukrani kila mtu anajinunulia mwenyewe, hilo nina hakika. Nimeshaagiza kreti ishirini.