Anayekunywa Maji ya Akiba

Jumatatu, 4 Agosti

Redio imesema mvua zitachelewa. Haikusema kwa muda gani. Sauti hiyo naijua. Ndivyo ilivyosema mwaka ule kisima chetu kilipoanza kutoa mchanga, mimi na mke wangu tukafunga mizigo tukidhani tunaondoka kwa msimu mmoja. Hatukurudi. Yeye hatarudi tena.

Maandalizi yameanza. Mapipa mawili ukumbini, yamefunikwa. Beseni chini ya bomba la kuogea. Maji ya kuoshea mboga yatapiga deki, ya deki yatakwenda chooni. Mkwe wangu alikuwa na povu kichwani nilipofunga koki kuu. Alitoka na taulo, jicho moja limefumbwa, akaniuliza kwa adabu kama nimeona maji yametosha. Nikamwambia yametosha.

Binti yangu hakucheka. Alisema watu wanapita ukumbini ubavu ubavu kama kaa. Mapipa yasipoondoka kufikia Jumapili, nitakwenda kukaa kwa kaka yake. Kwa kaka yake nalala kwenye kochi, mbele ya televisheni. Hapa nina chumba, na dirisha la marehemu mama yao, na kopo lake la maua. Ndani ya kopo kuna kijiti alichotoka nacho kwetu, kimefungwa kitambaa kibichi safari nzima. Kilikauka wiki aliyofariki. Sijakitupa.

Jumanne, 5 Agosti

Pipa moja limepungua, kama bakuli moja hivi. Nilikuwa nimeweka alama ya chaki. Sakafu kavu. Mlango umekomewa.

Mtuhumiwa: jirani, dereva mstaafu wa treni. Jana aliniuliza kutoka ng'ambo ya ukuta kama nafuga mamba. Tena ana ufunguo wetu wa akiba, binti yangu alimpa tuliposafiri.

Jumatano, 6 Agosti

Limepungua tena. Kikombe cha bati cha marehemu, ambacho hakijashushwa msumarini tangu msiba, kina unyevu ndani. Udongo wa kopo pia. Zamani hakuwahi kunywa kabla hajaupa mmea wake. Nilikuwa nikimtania kwamba ameolewa na kijiti.

Nikamuuliza binti yangu. Alisema kikombe hajakigusa, hata kukitazama hawezi. Mkwe akasema taratibu, labda ni wewe mwenyewe Baba, umri nao. Nikamjibu kwamba umri wangu hausahau kitu, na hilo ndilo tatizo lake.

Ni dereva.

Ijumaa, 8 Agosti

Mpango: chumvi. Nimemimina mfuko mzima, nusu kila pipa, nikakoroga kwa mpini wa fagio. Akionja tu, uso utamsaliti. Sikumwambia mtu. Siri ya watu wawili si siri.

Nimeshinda ukutani nikimtazama. Alikunja uso mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa anakula ndimu. Mara ya pili alikuwa ananitazama mimi.

Jumamosi, 9 Agosti

Mabomba yamekauka mtaa mzima. Siku yangu imefika.

Binti yangu alisimama mbele ya mapipa, akasema, Baba nisamehe, kaa nayo hata mwaka. Mkwe aliniita jemadari. Majirani wakaja na ndoo, dereva akiwa wa mwisho, mikono mitupu. Nilitoa hotuba fupi juu ya watu wanaocheka kabla ya wakati. Chai ikabandikwa. Nikaizungumzia akiba, na kizazi kisichojua kisima.

Chumvi niliikumbuka mkwe alipotema chai dirishani.

Dereva aliomba aonje. Akaonja polepole, akafikiri, akasema sasa ameelewa, kumbe ni mamba wa baharini. Walicheka wote, isipokuwa binti yangu. Aliingia chumbani kwangu akaanza kukunja mashati.

Nilimfuata nikakaa dirishani ili nisimtazame. Ukiondoa maji ya chai, mapipa hayakupungua hata tone leo. Mabomba makavu. Kopo lilikuwa bichi. Nikachovya kidole udongoni, nikaonja. Hakuna chumvi. Maji baridi, yenye ladha ya chuma kidogo na mizizi. Maji ya kisima chetu. Ulimi wangu haukosei.

Jumapili, 10 Agosti

Kijiti kina jani.

Binti yangu ndiye aliyeliona, akiwa na begi langu mkononi. Alilifungua begi kitandani. Kisha akayarudisha mashati kabatini, moja moja, akaniomba jambo moja tu: nisifungie tena mtu maji humu ndani. Niliahidi. Tumemwaga mapipa.

Dereva ametuletea ndoo mbili za maji. Kumbe ana tangi chini ya ua wake miaka yote hii, na hajawahi kumhubiria mtu.

Jioni kikombe hakikuwa msumarini. Kilikuwa dirishani, kimejaa, ukingo wake una alama ya midomo. Binti yangu alisema kwa sauti ya chini kwamba sasa ni wazi nani anakuja humu, Baba, au bado huoni?

Naona vizuri sana. Tangi, ufunguo, ndoo za bure. Dereva anajipendekeza ili nisimshuku.

Kesho naleta mapipa mapya, mafupi, yanayoingia chini ya kitanda changu. Huko hapiti mtu. Chumvi ilikuwa kosa, nakubali.

Nitatia pilipili.