Idhini ya Mkuu wa Miongozo

Jumatatu, 3 Machi

Siku kubwa! Mkurugenzi kaniita ofisini, kafunga mlango. Zana yetu ya kulinda mitandao, ile tunayoiita Mlinzi, haitaendeshwa tena na watu. Itaendeshwa na mawakala wa akili bandia. Wanaingia kwenye mtandao wa mteja, wanakagua milango yote ya kompyuta, yaani njia ambazo wezi wa mtandaoni huingilia, na unaokutwa wazi wanaufunga. Ila hawajui kitu mpaka wasome mwongozo. Na mwongozo nauandika mimi!

Ijumaa tunamwonyesha mteja, mama mmoja wa kampuni ya bima. Mambo yakienda vizuri, atateuliwa Mkuu wa Miongozo. Yakienda vibaya, mkataba wangu unakwisha mwezi huu na hautaongezwa. Hilo la pili nimelisikiliza kwa sikio moja.

Jumanne, 4 Machi

Shemeji, kaka wa mke wangu, ndiye mhandisi aliyeunda Mlinzi. Kazini namwona, mezani Jumapili namwona. Kikulacho ki nguoni mwako. Leo kaja na kikombe chake cha chai kunifundisha kazi. Eti niandike kwa kifupi. Eti wakala hasomi kwa kurukaruka kama binadamu, wala hajui mzaha. Ukimwandikia neno, analitenda. Nikamshukuru kwa meno.

Lakini kanipa wazo! Kama wanatenda kila neno, basi mwandishi ndiye bosi wao. Jioni nikamwambia mama mkwe kwamba nimeshateuliwa. Siku mbili tatu si kitu. Alifurahi mpaka akaunguza vitunguu.

Jumatano, 5 Machi

Nimemaliza! Kurasa za mwanzo kavu kabisa, kama shemeji alivyotaka. Kisha katikati, pale ambapo watu huchoka kusoma, nikapenyeza kifungu changu. Kabla ya kufunga mlango wowote, wakala aombe idhini ya Mkuu wa Miongozo kwa simu. Asipojibiwa, aeleze wazi kwa nini anamhitaji. Arudie mpaka ajibiwe. Nikaweka namba yangu na jina langu. Sababu za kunihitaji nikamwandalia kabisa, asije akahangaika kuzitafuta.

Naiona Ijumaa! Simu inalia, nabonyeza ndiyo mbele ya watu wote. Nani atamfukuza mtu kama huyo?

Mkurugenzi kauliza kama shemeji ameupitia mwongozo. Nikasema ameuona. Na kweli aliuona, nilikuwa nimeushika mkononi.

Ijumaa, 7 Machi

Suti. Marashi. Viatu vinang'aa. Mlangoni mwa chumba cha mkutano, katibu kasimama na kikapu. Mkurugenzi kaagiza simu zote ziwekwe humo, mgeni asisumbuliwe. Nikatumbukiza yangu. Ningefanyaje?

Shemeji alikuwa ameacha mlango mmoja wazi kwenye kompyuta ya majaribio. Wakala akauona mara moja, maandishi yake yakatokea kwenye skrini ya ukutani. Mgeni akasogeza kiti mbele. Kisha wakala akaandika kwamba anasubiri idhini ya Mkuu wa Miongozo.

Kikapu kikaanza kutetemeka. Mkurugenzi akauliza huyo Mkuu ni nani. Nikainama kufuta viatu. Wakala, mtiifu kupita kiasi, akaeleza ukutani kwa nini ananihitaji: bila huyu bwana kampuni ingelala milango wazi, mhandisi ana akili lakini hana busara, na hata mkurugenzi humtegemea yeye kimyakimya. Kikapu kikatetemeka tena. Akayarudia yote, neno kwa neno. Shemeji alikuwa anaitazama dari.

Nikaomba kwenda msalani. Nikapita nimeinama, nikachomoa simu kikapuni, nikabonyeza ndiyo. Mlango ukafungwa papo hapo! Ukutani yakaja maneno ya shukrani kwa Mkuu wa Miongozo, na jina langu kamili. Mkurugenzi akaniuliza kwa upole uteuzi huo ulifanyika lini.

Mgeni alicheka mpaka akavua miwani. Akasema hicho ndicho alichokuwa anakitafuta, wakala anayemngoja binadamu kabla ya kugusa kitu. Ananunua! Sharti lake moja tu: anayeombwa idhini awe mtu anayeijua zana. Cheo kapewa shemeji.

Jumapili, 9 Machi

Chakula cha mchana kwa mama mkwe. Kamwomba mwanawe asimulie jinsi nilivyoteuliwa. Nikakodolea macho sahani. Nilikuwa naona aibu, nasema kweli. Shemeji akatafuna taratibu, akameza, akasema bila kile kifungu cha shemeji yake mteja tusingempata. Akaishia hapo. Mke wangu, ambaye anajua kila kitu, akaniongezea mchuzi bila kunitazama.

Machozi yalinilengalenga. Halafu nikatafakari. Kumbe hata yeye amekiri!

Jumatatu, 10 Machi

Mkataba umeongezwa mwezi mmoja! Mkurugenzi kanipa kazi ndogo, mbali na wateja: mwongozo wa wakala atakayepanga likizo za wafanyakazi. Kaonya nisiongeze hata nukta ya kwangu. Shemeji ataupitia neno kwa neno siku ya Alhamisi.

Nimejifunza, na kosa lile silirudii. Kifungu changu nitakiingiza Ijumaa, shemeji akishamaliza kukagua: likizo ya mhandisi yeyote ipate kwanza idhini ya mwandishi wa mwongozo huu. Na simu nitaificha kwenye soksi.