Mjomba Aliyepiga Kengele

Jamani wa kijiweni Nansio,

Leo nimeadhirika. Tena mchana kweupe, mbele ya kivuko kizima. Naandika haraka hapa bandarini Mwanza, kwenye karatasi za daftari nililopewa na mwalimu mmoja (nitafika kwake), kwa sababu meli ya kuja huko inakaribia kuondoka. Ndani yake kuna mama mmoja anayekuja kuwaambia kwamba mjomba wangu Petro amefariki. Hajafariki! Someni kwanza mpaka mwisho ndipo mcheke.

Mnaijua mashine yangu ya dagaa? Hamuijui. Hata nyie niliwaficha. Nimeitengeneza miezi minne, usiri mtupu, mlango umefungwa, watoto wanaambiwa baba anatengeneza kabati. Tangu soko liwe huria wanunuzi wanafika kwetu Kamanga hata kutoka nchi za jirani, na wote wana lalamiko moja: dagaa wetu wana mchanga. Sasa mimi nimeunda boksi refu la mbao, urefu wa mtu, ndani lina nyavu mbili za waya. Unamwaga dagaa upande wa juu, unazungusha mkono wa baiskeli, boksi linatikisika, mchanga unabaki chini, dagaa wanatokea miguuni wakiwa safi. Kila mkono ukimaliza mzunguko, kengele ya baiskeli inalia. (Kengele haina kazi yoyote. Niliipenda tu.)

Kwa nini nilificha? Kwa sababu ya Bwana Deusi. Huyu ana karakana kubwa hapa mjini. Mwaka juzi nilibuni jiko la pumba za mpunga, nikalionyesha kila mtu kwa furaha. Haikupita muda jiko lile lile likawa linauzwa mjini na jina la Bwana Deusi limeandikwa mlangoni kwa rangi nyekundu. Nililia. Ndiyo, mtu mzima nililia, mke wangu Mama Kulwa ni shahidi. Nikaapa haitatokea tena.

Basi wiki iliyopita redio ikasema sheria ya hataza imebadilika. Hataza ni ile hati ya serikali inayosema kitu hiki kabuni fulani, wengine mikono mbali. Zamani ilibidi kwanza uipate Uingereza ndipo uje kuiandikisha huku. Fundi wa Kamanga ataanzia wapi? Sasa Mtanzania anaomba hapa hapa nchini, na maofisa wa Dar wangekuwa Mwanza wiki hii kupokea maombi. Mwisho leo. Redio ikaongeza kwamba kitu kiwe kipya, kisiwe kimeonyeshwa hadharani kabla ya kuombewa. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyoniponza.

Asubuhi nikaizungushia mashine mkeka. Mkeka ukawa mfupi, kengele inachungulia. Nikachukua shuka jeupe la Mama Kulwa, nikafunika lote, nikafunga kamba sehemu tatu: juu, katikati, chini. Nikaridhika kabisa na kazi yangu. Haki ya Mungu sikuona nilichokuwa nimekifanya.

Kwenye kivuko wakaona wote.

Wanaume wakavua kofia. Kijana aliyekuwa anauza karanga akanyamaza. Mama mmoja akasogea, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Pole sana baba. Ni nani?"

Hapo ndipo nilipogeuka, nikatazama ule mzigo mweupe, nikaelewa. Nikafungua mdomo niseme ni mashine. Nani namwona nyuma ya yule mama, kofia mkononi, uso wa huzuni? Bwana Deusi! Nikisema mashine, atasema tuione.

"Ni mjomba," nikajibu.

(Msinitazame hivyo. Nyie mngesema nini?)

"Mayo! Mjomba yupi?"

"Petro. Wa Nansio." Jamani, nina mjomba mmoja tu, jina jingine halikuja kichwani.

"Amefariki lini?"

"Juzi."

Yule mama akanusa kidogo, kwa heshima. "Mbona ananukia dagaa?"

"Alikuwa mvuvi."

Akatikisa kichwa, akafuta machozi. Akaniambia na yeye kwao ni Nansio, na leo hii anapanda meli kwenda huko, kwa hiyo atawafikishia watu habari. Nikasema hapana, usijisumbue. Akasema si usumbufu hata kidogo. Pembeni mwalimu mmoja mstaafu, Mwalimu Leokadia, akaanzisha wimbo wa kanisani. Wakaitikia wote. Sauti ya pili ilikuwa nzuri mno, nikajikuta naimba na mimi. Nilipofikiria mjomba Petro asivyonikosea kitu chochote maishani, machozi yakanitoka kweli.

Tulipofika upande wa mjini nikashukuru, nikasema basi, kuanzia hapa nitamaliza mwenyewe. Thubutu! "Utambebaje peke yako?" Watu sita wakainama wakamwinua mjomba. Na aliyewahi upande wa kichwa ni nani? Bwana Deusi. Kaweka begani mashine niliyokuwa namficha miezi minne, tena anatembea polepole kwa adabu. Njiani magari yalitupisha. Kinyozi mmoja alizima redio.

"Tunaelekea wapi?" Mwalimu Leokadia akauliza.

"Ule ukumbi pale."

"Kuna ibada?"

"Kuna karatasi za kujaza."

Kwenye ngazi za ukumbi ndipo mambo yalipoharibika. Wa mbele walipanda, wa nyuma wakabaki chini, kamba ya katikati ikalegea, mkono wa baiskeli ukaanguka kwa uzito wake.

Kriiing!

Mkono ukazunguka tena.

Kriiing!

Wabebaji watano waliruka kila mmoja upande wake. Kinamama wakakimbia wakiita jina la Yesu. Mmoja aliacha kiatu. Shuka likashuka lote, mkeka ukafunguka, na mjomba Petro akabaki uchi juani: mbao, waya, mkono wa baiskeli na kengele yake inang'aa. Dagaa watatu wakadondoka kutoka miguuni. (Safi, bila mchanga. Nilipenda watu walione hilo, lakini hapakuwa na nafasi.)

Aliyebaki amebeba ni Bwana Deusi peke yake. Angeachia, ingemwangukia miguuni. Akakodoa macho mle ndani. "Kumbe!" akasema.

Ofisa akatoka, dada mmoja mwenye miwani. "Shikamoo baba. Hawa wote ni nani?"

"Marahaba. Ni wafiwa."

Nikamweleza yote pale pale. Jiko la pumba, redio, shuka, mjomba. Nikasema sasa imeonekana hadharani, nimekosa, nirudi tu nyumbani. Yule dada alivua miwani, akaifuta muda mrefu sana, mabega yanacheza. Kisha akasema, "Baba, sheria hiyo ina huruma. Ukionyesha mwenyewe bado una miezi kadhaa ya kuleta ombi."

"Kwa hiyo sikuwa na haja ya kuificha?"

"Hukuwa na haja hata ya kuileta. Tunapokea maelezo na michoro tu."

Watu waliokuwa wamekimbia walisharudi. Wakacheka mpaka wengine wakakaa chini.

Michoro sina. Najua kuranda, kuchora sijui. Na Bwana Deusi, wote tunajua, anachora vizuri sana, na ameshaona kila kitu. Nikaona ya jiko yanarudi. Moyo ukaniuma, siwadanganyi.

Mwalimu Leokadia ndiye aliyekuwa na haki kuliko wote ya kunikasirikia, maana aliimba beti zote. Alinitazama. Akamtazama Bwana Deusi. Akatoa daftari na rula kwenye kikapu. "Wewe baba," akamwambia Bwana Deusi, "usitikisike. Shika hivyo hivyo mpaka nimalize kuchora."

"Lakini mama, nina haraka..."

"Mjomba wa mwenzio huyo. Shikilia!" kinamama wakasema kwa pamoja, wamemzunguka.

Akashikilia. Saa nzima, jasho linamtiririka, huku Mwalimu anapima pande zote na mimi namtajia kila kipande. Yule dada akapokea, akagonga muhuri wa leo, akasema michoro safi nitaituma kwa posta. Kwenye fomu palikuwa na sehemu ya jina la mashine. Kabla sijasema, ukumbi mzima ukajibu: "Mjomba!" Yule dada ameandika Kichujio cha Dagaa, lakini naona huku mjini jina limeshapatikana.

Nina furaha jamani. Nimenunua soda, nimekula mandazi mawili, namtazama mjomba hapa pembeni yangu, hana shuka.

Sasa naomba mniokoe. Kabla ya vurugu zile yule mama wa Nansio alishaondoka kuwahi meli, kengele hakuisikia, na humo melini simwoni. Barua hii nampa baharia. Ikifika, mmoja wenu akimbie kwa mjomba Petro amwambie yeye ni mzima, kabla hajaambiwa vinginevyo na watu wanaobeba kuni za msiba. Msicheke mbele yake. Na wakishaanza kufika na vyungu vyao, wakaribisheni tu, wapikieni dagaa. Wa kwenu bado wana mchanga, lakini waambieni mjomba anakuja na meli ya kesho.