Waraka wa Taa ya Birika: Hotuba ya Kuzindua Kituo cha Magari Mapya

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi ya Sherehe hii, Mheshimiwa Makamu wa Kamati ya Kumsaidia Mwenyekiti, waheshimiwa wakuu wa vitengo, makaimu wakuu wa vitengo na wale wanaokaimu nafasi za makaimu, ndugu mshauri mwelekezi, ndugu mpiga picha, viongozi wa dini zote na wa meza zote, wazee wetu mlioketi juani kwa hiari yenu, wamiliki wa magari, wasiomiliki, mabibi na mabwana: itifaki imezingatiwa, na pale ambapo haijazingatiwa naomba ihesabiwe kuwa imezingatiwa.

(Makofi kutoka chini ya turubai. Sisi wa juani hatukupiga. Mimi ninayeiandika hotuba hii nilikuwa mstari wa mbele, na nyuma yangu lilikuwa gari langu la kijivu, lililovutwa kwa kamba kutoka nyumbani. Mume wangu alikaa ndani yake, maana macho yake hayavumilii mwanga.)

Ndugu wananchi, mwaka jana, baada ya mimi binafsi kukaa, kufikiri, kusimama, kutembea kidogo na kufikiri tena, ofisi yangu ilibuni Mpango Jumuishi wa Usafiri wa Kisasa kwa Mwananchi wa Kawaida, mpango ambao umewezesha magari arobaini ya toleo jipya kabisa la Kijerumani, yakiwa bado na nailoni kwenye viti, kuwafikia wananchi arobaini wa mtaa huu, jambo ambalo halijawahi kufanywa na mtangulizi wangu, wala mtangulizi wa mtangulizi wangu, ambaye ni marehemu na hivyo hawezi kunipinga.

(Makofi. Nailoni ndiyo iliyodumu kuliko vyote.)

Sasa wapo waliosema, na wasemaji hawakosekani, kwamba gari jipya halijulikani tabia, kwamba tungesubiri wenzetu walijaribu kwanza. Mimi nikasema hapana, tusubiri nini, tutakusanya data sisi wenyewe, na kwa hiyo miezi sita baadaye tukagawa fomu ya tathmini ya uzoefu wa mmiliki, fomu ya kurasa kumi na moja, ambayo swali lake kuu, lililoandikwa na mimi kwa mkono wangu, ni hili: Je, gari lako limewahi kukuzimikia njiani? Na matokeo, ndugu wananchi, ni kwamba wamiliki thelathini na saba kati ya arobaini walijibu hapana, sawa na asilimia tisini na mbili nukta tano ya uimara, na hiyo nukta tano naomba isidharauliwe, maana imefanyiwa kazi hadi jioni.

(Makofi marefu. Nikasimama. Nikamwambia, mwanangu, hao thelathini na saba nawajua mmoja mmoja. Magari thelathini na manne yalifia uani kwa wenyewe na hayajaiona njia tangu hapo. Yatazimikaje njiani?)

Namshukuru bibi kwa mchango wake, ambao unaunga mkono hoja yangu, kwa sababu gari ambalo halitoki haliwezi kumwacha mtu njiani, na huo ndio uimara tunaouzungumzia kitaalamu. Kaa mama yangu, jua kali.

(Vicheko chini ya turubai. Sikukaa.)

Niruhusuni nisome shuhuda chache za wamiliki, ili msidhani nasifu cha kwangu. Mmiliki wa kwanza ni mwoka mikate wetu, ambaye anaandika kwamba gari lake hupiga breki lenyewe kila likihisi kitu mbele, na kwamba asubuhi moja lilisimama mbele ya kivuli chake lenyewe, likakataa kusogea mpaka jua lilipohama, mikate ikapoa yote. Ndugu wananchi, mnaona kiwango hicho cha usalama? Ni nchi ngapi zina gari linaloheshimu hata kivuli? Mmiliki wa pili, mwalimu mstaafu, analalamika, au tuseme anatoa mrejesho, kwamba gari lake huongea Kijerumani tu na limekataa kubadilishwa. Lakini ukurasa wa nane mwalimu huyohuyo anakiri kwamba sasa anaelewa akiambiwa afunge mkanda, afunge mlango, na neno moja analolishuku kuwa ni tusi. Huko ndiko kujenga uwezo, na kwa mtu wa umri wake, bila ada.

(Mwalimu alikuwa pembeni yangu. Alisema taratibu kwamba neno lile amelitafuta na kweli ni tusi.)

Na mmiliki wa tatu, mshona mazulia, alifungiwa na milango ya gari lake kuanzia saa sita mchana hadi saa kumi, na katika muda huo hakuibiwa chochote.

(Makofi. Mshona mazulia aliinama, akatazama viatu vyake.)

Sasa nije kwenye jambo lililoipa ofisi yangu sifa hadi ngazi za juu, nalo ni Waraka Namba Saba. Mnakumbuka kwamba wiki za mwanzo wamiliki wengi waliona kwenye dashibodi taa ndogo nyekundu yenye umbo la birika, mdomo wake umeelekea kando, na tone moja likidondoka. Hofu ikatanda. Mimi sikutaharuki. Niliitisha warsha ya siku tisa hotelini, wataalamu wangu wakaitazama picha ile asubuhi na alasiri, na kwa kauli moja wakabaini kwamba Mjerumani, ambaye ni mtu wa kujali afya ya mfanyakazi, anamkumbusha dereva apumzike na anywe chai. Ndipo nikatoa Waraka, nanukuu: pindi taa ya birika iwakapo, dereva asogee kando mahali salama, asizime injini ili asipoteze mawasiliano na mfumo, anywe chai bila haraka mpaka taa izimike yenyewe. Mwisho wa kunukuu.

(Ilizimika yenyewe, na injini ikaifuata. Kwetu ilikuwa Jumamosi. Mume wangu, macho yake yakiwa bado yanafaa, alikuwa ndio kwanza ameingiza gari uani, taa ikawaka, naye akafuata karatasi kama ilivyosema, maana tuliibandika mbele ya usukani ili isipotee. Nilimletea chai mwenyewe. Kikombe cha pili injini ikaanza kulia kama vijiko ndani ya mkebe. Akaniuliza, mama watoto, niendelee kunywa? Nikamwambia endelea, ina muhuri. Cha tatu hakukimaliza, pakawa kimya.)

Naona fundi baiskeli amenyoosha mkono. Fundi baiskeli, kwa heshima zote, wewe si mdau wa magurudumu manne, lakini kwa kuwa ofisi yangu inasikiliza, sema kwa kifupi.

(Fundi baiskeli alisema, "Mkuu, ile si birika. Ni kopo la oili. Gari linasema oili imekwisha, zima injini." Akaongeza kwamba sili za magari haya, ile mipira ya kuzuia oili, zinavuja tangu mapya, ukiinama tu unaona doa chini. Kisha akanigeukia mimi, si kwa ubaya, akasema, "Hata bibi analo kopo kama lile, la cherehani." Watu wote wakanitazama. Kweli ninalo, liko juu ya kabati miaka thelathini, mdomo umeelekea kando vilevile. Ningeulizwa na mtoto mdogo ningesema hilo ni kopo la oili. Niliulizwa na karatasi yenye muhuri, nikachemsha maji.)

Asante fundi, hayo ni maoni, nayo yatawasilishwa kwenye kamati ndogo, ijapokuwa niseme wazi kwamba Waraka haukuwahi kukataza oili, na hakuna mahali popote palipoandikwa kwamba dereva asiweke oili huku akinywa chai. Tusitafute mchawi. Tutazame mbele. Na bibi amesimama tena.

(Nilimwambia yafuatayo, na sikupaza sauti. "Mwanangu, mimi sikusoma sana, kwa hiyo sina maneno marefu. Kesho Alhamisi saa moja asubuhi mume wangu anapasuliwa jicho, hospitali kubwa kule mjini. Zamu hiyo tumeisubiri miezi minane, na wanataka alale huko leo. Jicho moja limeshakufa. Hili likipitwa na zamu, daktari kasema tusirudi tena. Uliandika kwamba leo magari yetu yanatengenezwa hapa. Nimelileta. Litatoka saa ngapi?")

Ndugu wananchi, hilo ndilo swali, na ndiyo maana nipo hapa. Natamka mbele yenu, na mpiga picha naomba unichukue kutoka upande wa kushoto, kwamba gari la bibi huyu litakuwa gari la kwanza kabisa kuingia katika Kituo cha Kisasa cha Huduma kwa Magari Mapya ya Kijerumani, ambacho mnakiona mbele yenu pale ng'ambo ya utepe. Tazameni milango ile mitatu mipana ya kijani. Tazameni madirisha, vioo vyake, na maua chini ya vioo. Tazameni fundi wetu pale mlangoni, ameshika spana, yuko tayari. Kituo hiki kitahudumia magari mia mbili kwa siku, yaani mara tano ya magari tuliyonayo, ili yakiharibika mara tano kwa siku tusitetereke. Kitaajiri vijana mia tatu, na nusu yao wamekwishapewa ahadi.

(Makofi makubwa kuliko yote, hata sisi wa juani. Nilipiga na mimi, siwezi kukana. Kutoka garini mume wangu aliniita, akasema kwamba yule fundi mwenye spana ana subira kweli, tangu tufike hajabadilisha mkono. Nikamwambia wewe huoni vizuri. Nikawaomba mwoka mikate, seremala na wenzao wawili waanze kulisukuma, tusichelewe.)

Wapo watakaouliza mbona mimi mwenyewe nimekuja na gari lile la zamani, la miaka ishirini na mbili, lililoegeshwa chini ya ule ukuta wa zahanati. Jibu ni rahisi. Gari langu jipya ninalitunza nyumbani, ndani ya turubai, kwa sababu kiongozi ni wa mwisho kufaidi. Lile kuukuu limechoka, lakini nimezoea kujinyima.

(Dereva wake alisikia, akacheka peke yake.)

Sasa tukate utepe kwa pamoja. Nitasema kaulimbiu, nanyi mtaitikia. Gari bora! Mwananchi bora! Birika likiwaka! Naona mmenyamaza hapo. Jibu lipo kwenye fulana tulizowagawia. Birika likiwaka! Haya, tuendelee. Utepe umekatika, na ninatamka kwamba Kituo kimezinduliwa rasmi.

(Gari lilikuwa limeshapita pale utepe ulipokuwa. Lilishika mteremko, wasukumaji wakaliachia.)

Kabla sijashuka jukwaani nitoe shukrani. Naishukuru kamati ya maandalizi. Nawashukuru wenye turubai. Na shukrani za kipekee zimwendee mchoraji wetu wa mabango, ambaye kwa siku tatu tu, mikebe kumi na minne ya rangi na ngazi ya kuazima, amekamilisha Kituo hiki chote peke yake, kuanzia milango mpaka fundi, juu ya ukuta wa nyuma wa ghala la zamani, kwa ustadi ambao umewafanya wageni wetu waliokwishapigwa picha nacho waondoke wameridhika. Mchoraji simama watu wakuone. Anasema ya kijani bado mbichi, kwa hiyo tunaomba jamani msiegemee huduma, na wale wanaosukuma...

(Bampa lilifika kwanza. Mlango wa kati ulibonyea kidogo, plasta ikadondoka, na yule fundi mwenye spana akapoteza goti. Mume wangu alishuka taratibu, akagusa mlango ule kwa kidole, akakitazama kidole kwa lile jicho lake lililobaki. "Mama watoto," aliniambia, "mimi niliona tangu mwanzo milango hii haina kivuli. Nikadhani ni macho yangu.")

Ndugu wananchi, tulieni, ukuta utapakwa tena, bajeti ya rangi ipo. Naomba tusivunje picha ya mafanikio kwa sababu ya tukio dogo la kiufundi. Ujenzi huenda kwa awamu, na awamu ya kwanza ya jengo lolote, waulizeni wataalamu, ni mchoro. Tumeikamilisha. Bibi, usinitazame hivyo.

(Sikuwa na muda wa kumtazama. Nilimtoa mume wangu pale, kidole kikiwa kijani, nikamshika mkono, tukatembea polepole kupita mbele ya jukwaa, mbele ya turubai, mpaka kwenye ukuta wa zahanati. Dereva alifungua mlango wa nyuma kabla sijasema neno. Nilimwambia twende hospitali kubwa. Akasema, "Shikamoo bibi, fungeni mikanda." Gari kuukuu liliwaka mara moja.)

Naona kuna mwendo pale ukutani. Dereva. Dereva, subiri. Ndugu wananchi, ninawashukuru kwa kunisikiliza, nawatakia safari njema popote mwendako, na kabla hatujatawanyika naomba mmoja wenu aliye karibu amwambie bibi huyo, kwa heshima, ashuke.

(Sikushuka.)