Alhamdulillah Mbele ya Madaktari Watatu

Leo nimeaibika, na nasema mwenyewe kabla hamjasikia kwa majirani.

Mnajua nina baridi yabisi. (Wasiojua: ndiyo, huwapata vijana pia. Ndiyo, nimejaribu asali.) Leo ilikuwa zamu yangu mbele ya madaktari wanaopima ulemavu hapa Garissa. Wakikubali, wanapiga muhuri fomu yangu na naweza kuomba msaada wa serikali. Wakikataa, naendelea kukata vidonge nusu nusu ili vifike mwisho wa mwezi.

Nilijiandaa kama mtu anayekwenda kuapishwa. Wiki nzima nimetazama video, nikaandika majibu ya maswali ishirini na mawili, nikayakariri. Makaratasi nimeyapanga kwa tarehe, kisha kwa rangi. (Hakuna aliyeomba rangi.)

Tatizo likawa foleni. Saa moja asubuhi nilikuwa mlemavu safi kabisa, vidole kama vijiti. Nilipoitwa saa saba mchana, joto la Garissa lilikuwa limeshanilainisha. Nikaingia natembea vizuri! Nilijichukia.

Daktari wa katikati, mtu wa bara, mpole, akaanza.

"Habari yako, dada?"

"Nzuri, alhamdulillah."

"Mwili unaendeleaje?"

"Alhamdulillah, daktari. Hakuna shida."

Mliolelewa nyumba ya Kisomali mnanielewa. Kwetu hata aliyevunjika mguu, ukimuuliza hali, kwanza anamshukuru Mungu. Ugonjwa unatajwa baada ya chai. Pale hapakuwa na chai. Daktari alikuwa anaandika.

"Mikono?"

"Tunashukuru."

"Magoti?"

"Alhamdulillah."

Kichwani napiga kelele: jibu la nne, mjinga wewe, sema jibu la nne! Mdomo umeshikwa na adabu.

Akaweka kalamu chini. "Dada, umekuja kupimwa au kutusalimia?"

Hapo mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Hooyo, mama yangu mzazi! Alikuwa ametega sikio nje. Mwanamke huyu hajawahi kuwaambia hata shangazi zangu kwamba naumwa.

"Taktari, wacha kuandika! Huyu anadanganya! Asubuhi mimi ndio nafunga yeye fifungo!"

"Hooyo, tafadhali..."

"Nyamaza! Taktari, choo anaingia mwenyewe, kutoka hawezi. Anagonga ukuta, mimi nakuja nainua yeye kama ngamia imekwama kwa matope!"

Mlango ulikuwa wazi. Foleni nzima ilisikia. (Humo kuna kijana tuliyesoma naye. Mzuri. Alikuwa anatazama viatu vyake, mabega yanatikisika.)

"Mara ngapi kwa wiki, mama?"

"Wiki gani? Kila siku ya Mungu, wallahi!"

Daktari akanigeukia. Akavua koti lake jeupe, akanipa. "Nifungie kifungo hiki kimoja."

Nikajaribu. Kikaponyoka. Nikajaribu tena. Madaktari watatu wametulia kama wanaotazama penalti. Mara ya nne kidole gumba kikagoma kabisa, na machozi yakanitoka juu ya koti la watu.

"Siwezi, daktari," nikasema. "Na sasa ni mchana. Asubuhi siwezi kushika hata kikombe."

Katika majibu yangu ishirini na mawili, hilo halikuwemo.

Wakanong'onezana. Wakapima magoti, wakasoma makaratasi yote. (Mmoja akasifu rangi!) Kisha muhuri: pa!

"Tumekubali."

Hooyo akapiga vigelegele. Hospitalini! Kwa binti aliyethibitishwa kuwa mlemavu! Na wanawake wa foleni, bila kuuliza kuna nini, wakamwitikia mpaka askari wa getini akaja kutazama bibi harusi ni nani.

Ni mimi. Nipongezeni kwa fomu, basi. Habari ya choo, naomba muijue kimyakimya.