Kantilal na Bwana Hodi wa Mtaa wa Sikukuu

Sogeeni, enyi wenye vikapu na wenye magunia kichwani! Epueni makarai ya mihogo, tulizeni mikokoteni, niwasimulie vita vya Kantilal, simba wa sindano, aliyeshuka melini kutoka Gujarati juzijuzi tu, akapambana na mlango.

Alikuwa chumbani mwake mwa kazi, nyuma ya pazia, akiitia mafuta cherehani isiyo na nguo ya kushona, pale sauti ya mwanamke iliponguruma nje.

"Hodi!"

Kantilal akashusha pumzi. Katika mji huu aliojitahidi kuuelewa, hapakuwa na mtu mashuhuri kama huyo Bwana Hodi. Asubuhi aliitwa kwa jirani, mchana kwa muuza mkaa, jioni mtaa mzima, wala hakupata kuonekana. Bila shaka ni mpangaji wa zamani, tena anayekimbia watu.

"Hodi hayupo!" akajibu kwa upole wote. "Amehamia Jangwani!"

Huko nje mwanamke akasonya.

"Haya, bwana. Kama hutaki kazi, si useme!" Viatu vikaondoka kwa hasira.

Huyo alikuwa Bi Angelina wa Mtaa wa Mchikichi, na kwapani alikuwa na kitambaa cha gauni la harusi ya mdogo wake. Na siku hiyo ndiyo iliyokuwa siku ya hukumu, kwani Ami Chandu, mwenye cherehani, alikwishatamka akiwa amesimama juu ya gunia: "Jua likizama bila nguo ya mteja chini ya sindano, cherehani nauza! Nawe utachambua vitunguu ghalani kwangu mtaa wa Gerezani!" Kantilal, ambaye kitunguu kimoja humliza kama msiba!

Bakili, mshona viatu wa barazani, mtu wa Lindi, alikuwa amesikia yote. Akacheka mpaka nyundo ikamponyoka.

"Bhai Kanti, utatuua! Hodi si mtu!"

"Si mtu? Mbona mnamwita kila siku?"

"Ndiyo kuomba ruhusa ya kuingia. Wewe unapiga hodi, mwenyewe anasema karibu. Ukipiga ya tatu usijibiwe, geuka nenda zako. Ukisukuma mlango, umekosa adabu. Huyo uliyemfukuza ni Bi Angelina, mfuate kwake Mchikichi ukapige hodi."

Kantilal akawakumbuka wote aliowapeleka Jangwani, akajishika kichwa. Kisha akajivika silaha: futi shingoni, chaki sikioni, pini kifuani zikimetameta kama nishani. Akatoka. Akapenya katikati ya majeshi ya mikokoteni yaliyokuwa yakinguruma "Kando! Kando!" Akajikwaa kwenye jiwe, na barabara nzima ikamwambia pole, akashangaa tena jinsi mji huu unavyomsikitikia mtu kwa jiwe ambalo haukuliweka.

Akaufikia mlango wa Mchikichi. Ulikuwa wazi nusu, kama mtego.

"Hodi!"

"Hodi hayupo!" ikajibu sauti kutoka uani, na kicheko cha wanawake nyuma yake. "Amehamia Jangwani!"

Mkuki ukampata mbavuni, lakini shujaa hakurudi nyuma.

"Hodi, Bi Angelina! Nilidhani ni mtu!"

Hakujibiwa. Sufuria zikagongana, watu wakanong'ona. Jua lilikuwa limekaa juu ya mabati, likimngoja. Lango la ngome lilitaka kidole kimoja tu lifunguke, na kidole hicho Kantilal alikifunga nyuma ya mgongo. Akavuta pumzi.

"Hodi! Ulimi wangu umepinda, dada, lakini mishono yangu imenyooka!"

Ua mzima ukaangua kicheko.

"Karibu, fundi! Karibu ndani!"

Akaingia! Akapima mabega, akapima mikono. Alipoishusha futi kiunoni, Bi Angelina akamzuia.

"Hicho hapana. Nimetoka kula ubwabwa, kiuno cha sasa si changu. Kitambaa chukua, kiuno kesho asubuhi."

Kantilal akakimbia na kitambaa kama aliyeteka bendera. Mwanga wa mwisho ulikuwa ukitoka dirishani alipokiweka chini ya sindano, bila mshono hata mmoja, na papo hapo mkono wa Ami Chandu ukashika pazia.

"Ami," akasema mshindi, "kwanza piga hodi."

Pazia likasimama. Mfalme wa vitunguu akakohoa.

"Hodi."

"Karibu!"

Na iandikwe hivyo katika kumbukumbu za Mtaa wa Sikukuu: siku ile Bwana Hodi alirudi kutoka Jangwani, na vita vyote vikaisha, isipokuwa kiuno.